Mtihani wa Septemba

Lyle Hrynkiw hakusifiwa kwa mabao. Misimu kumi na minne ya magongo ya barafuni alifunga tisa tu, na mawili kati ya hayo kisahani, ambacho ndicho mpira wa mchezo huo, kilimgonga mgongoni kikaingia chenyewe. Kazi yake ilikuwa ngumi. Ukimchokoza nyota wa timu yake, Lyle huyo, glavu chini, na utajuta kuzaliwa.

Kila Septemba daktari aliwapima wachezaji akili: kumbuka maneno haya, taja miezi kinyumenyume. Lyle, kama wenzake wengi, alifeli makusudi. Akigongwa kichwa baadaye na kupimwa tena, angeonekana yuko vilevile, arudishwe mchezoni. Ujanja gani huo, jamani! Alicheza hivyo mpaka magoti yakagoma, kisha akawa kocha mjini Kelmont, jimbo la Saskatchewan, ambako wizi husamehewa upesi kuliko kufungwa mechi ya nyumbani.

Msimu wake wa tatu timu yake ikafika fainali ya mechi kadhaa, wakatoshana nguvu na wapinzani hadi ikabaki mechi moja ya kuamua. Viongozi wa klabu walishamwambia waziwazi: kombe, au afungashe virago. Tatizo ni kwamba Dallas Wiebe, mfungaji wao hodari, alikuwa amebamizwa kichwa kwenye ukuta wa uwanja mechi iliyotangulia. Daktari alimpima akasema hana neno, majibu ni yaleyale ya Septemba.

Lyle akaomba kuyaona hayo ya Septemba. Dallas, aliyesomea ualimu wa hesabu, eti alishindwa kutaja miezi. Mchawi humjua mchawi mwenzake. Lyle akamfuta Dallas kwenye orodha ya wachezaji.

Wakafungwa tatu kwa mbili. Viongozi hawakungoja hata jasho likauke.

Wiki hiyohiyo Lyle na mkewe, Darlene, walikuwa wakipakia vyombo garini Dallas alipofika amefura kwa hasira.

"Kocha, mimi nilikuwa mzima. Umetumaliza sisi, umejimaliza na wewe. Kwa nini?"

Sababu yenyewe Lyle hakuwahi kumwambia mtu. Aliweka sanduku chini.

"Harusi yangu siikumbuki," alisema. "Naijua kwa picha tu."

Darlene, aliyekuwa naye kwenye ndoa miaka kumi na mitano, alikuwa amekumbatia taa ya mezani. Akaiweka kwenye kiti cha gari, taratibu, akamuuliza mumewe kama siku aliyozaliwa binti yao anaikumbuka.

Lyle akaliinua tena lile sanduku, akaenda kulipakia.