Profesa na Ngata ya Mama

Mwalimu wetu wa hesabu pale Korogwe, miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, alikuwa kijana wa Kimarekani, mtoto wa kinyozi, shingo imembabuka kwa jua. Likizo moja nilimpeleka kwetu, ndani kabisa huko Misima. Mama alimpikia bada, ugali wetu wa muhogo, kwa mlenda. Alikula mpaka akalamba vidole, na tangu siku hiyo mama akamwita mwanangu. Mimi sikuulizwa.

Jioni mgeni wetu alichukua ngata ya mama, lile duara la majani makavu ya mgomba la kutulizia mtungi kichwani. Akaibonyeza, akaivuta, akaipinda.

"Mama, tundu limekwenda wapi?"

"Si hilo hapo!" mama akajibu, akimshangaa mtu mzima na akili zake.

Akatuambia kwamba ipo hesabu ya mambo hayo tu: umbo likivutwa, likikunjwa, likisukumwa, mradi halikukatwa, ni nini kinachobaki. Hiyo ndiyo aliyotaka kuisomea.

Akarudi kwao, akaisomea. Akawa profesa wa topolojia ya aljebra, akaalikwa nchi hadi nchi kueleza matundu ambayo hakuna jicho lililowahi kuyaona. Mimi nikawa mwalimu, na kila habari yake iliyonifikia nilimpelekea mama. Aliielewa kwa namna yake: mwanawe ni fundi wa kuhamisha vitu visiharibike.

Kisha ikaja amri ya kuhamia vijijini. Nyumba yetu iliezuliwa mchana kweupe. Mama akapakiwa kwenye lori na kuku wake, mtungi ukavunjika njiani, akashushwa kando ya barabara kwenye kiwanja kisicho na mti. Kaburi la baba likabaki porini. Nilikwenda kwa katibu wa kijiji kumwombea mama arudi, nikaambiwa, mwalimu, wewe ndiye wa kutoa mfano. Mwenye nguvu mpishe, nikapisha. Mama akaanza kukataa chakula. Nilibembeleza, nikafoka, nikalia mbele yake, na tonge halikupita.

Ndipo profesa akaja Dar es Salaam kwenye mkutano, akapanda basi hadi Korogwe, nikampokea, nikampeleka kijijini. Mama aliposikia, alijifunga kanga safi akaketi mlangoni mwa kibanda chake kipya. Profesa, ambaye sasa mvi zilianza kumtoka, akapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunirudisha?"

Profesa akanitazama. Nikatazama chini.

"Mwenzio kanieleza kazi yako," mama akasema. "Kitu kinahamishwa, wala hakiharibiki. Mimi nimehamishwa. Nitazame nilivyoharibika. Nirudishe kwangu."

Kiswahili cha profesa hakikuwa kimepotea. Alielewa kila neno, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Mama," akasema, "kazi yangu inaishia ubaoni."

Mama hakumgombeza. Aliingia ndani, akatoka na ile ngata, akamwekea mapajani.

"Basi chukua hii. Hii imefika nzima."

Kisha akaniagiza nimpikie mgeni bada. Tulikula wawili, mimi na profesa.