Gego la Mkaguzi

Mkaguzi wa ghala la ushirika ana kipimo cha unyevu, lakini kimelala kwenye boksi lake, maana wakulima walisema kinapendelea matajiri. Wanaliamini gego lake. Huzamisha mkono ndani ya gunia mpaka kiwiko, akatoa punje ya mahindi ya chini kabisa, akaing'ata huku kafumba jicho moja. Ikilia ka!, huelekeza kidevu mlango wa ghala, gunia liingie. Ikinyamaza, husema polepole, “Kaanike.” Msimu uliopita gunia moja bichi liliozesha ghala zima.

Leo punje ya dada yake ilinyamaza.

“Hata mimi, kaka?”

“Udugu haukaushi mahindi, dada. Kaanike.”

Foleni ikaguna. Saa ya chakula, yeye ndiye aliyeonekana uani, miguu peku, akiyageuza mahindi ya dada yake juani.