Amina niliyosema kasualti leo

Leo nimesema amina kwa maombi ya kunitoa mimi ndani yangu.
Kabla mnicheke, sikuwa na pumzi ya kubishana.

Asthma ilinishika asubuhi hapa mtaani Munyaka, boda ikanikimbiza hospitali, kasualti.

Nesi alikuwa mpole, hiyo ndiyo inaniuma. Akasoma kitambulisho: Kevin. Akaangalia rinda langu, akaangalia lipstick.

"Kijana yangu, wacha tuombe kwanza."

Mkono wake kichwani mwangu, macho amefunga. Anaomba roho ya mwanamke initoke. Mashine ya hewa iko hapo mezani, imezimwa. Mimi naomba asiombe sana.

Akamaliza, akingoja niitikie.

"Amina."

Ndio akawasha mashine. Kifua kikafunguka, nikapumua.

Akatabasamu.

"Umeona vile Mungu hujibu?"