Gando la Kulia

Hivi wewe, ukipewa jiwe ukaambiwa ndani yake mna kaa wa baharini, ungekaa miezi minne ukilikwangua bila kulipwa chochote, ili mwishoni sifa zimwendee mwingine? Usijibu haraka. Wengi hujibu ndiyo kwa sababu hawajawahi kuliona hilo jiwe. Eskild Rahbek, mtunza majengo wa shule moja mjini Fredericia, alikuwa akifanya kazi hiyo kwa mwaka wa ishirini na mbili sasa, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama anachoka.

Kila alasiri, baada ya kufunga madirisha ya madarasa na kuokota glavu zilizosahauliwa uwanjani, alikwenda kwenye kibanda nyuma ya nyumba yake. Aliwasha kompresa, mashine ya kusukuma upepo, akaziba masikio, akaingiza mikono ndani ya kasha la kioo. Humo ilikuwamo kalamu ya upepo, kijipatasi chenye ncha kama sindano kinachogonga jiwe haraka kuliko jicho linavyoweza kuona. Unagonga, unapuliza vumbi, unachungulia kwenye hadubini, unagonga tena. Siku njema ikiisha, umeondoa jiwe la kujaza kijiko cha chai. Siku mbaya ikiisha, umeondoa kipande cha kaa mwenyewe, na hapo Ragnhild, mkewe, alisikia hadi jikoni maneno ambayo mfanyakazi wa shule hatakiwi hata kuyajua.

Kaa hao walitoka Trelde Næs, kwenye ile rasi ambayo ukingo wake wa udongo huporomoka kila dhoruba ya majira ya baridi. Bahari huulamba udongo na kuacha mabonge ya mawe ufukweni. Katika mabonge mia, pengine moja lina kaa aliyekufa zaidi ya miaka milioni arobaini iliyopita, gamba lake jeusi, linang'aa kama kiatu cha Jumapili. Wenyeji wanaookota visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe, wana chama chao, na chama kina sheria moja ambayo hata mgeni aliyeingia juzi anaijua: bonge halipasuliwi ufukweni. Linafungwa ndani ya gazeti, linaandikiwa siku na mahali lilipookotwa, linapelekwa nyumbani likafunguliwe polepole.

Vagn Hoffgaard aliijua sheria hiyo. Aliijua kama mlevi anavyoijua njia ya kanisani.

Vagn alikuwa daktari wa meno mstaafu. Alikuwa na macho ya mwewe, bahati ya mwizi na subira ya kuku. Wenzake wangetembea ufukwe mzima wakainama mpaka viuno vikalia, wasipate kitu. Yeye angeshuka garini, akajikwaa, na alichojikwaa kikawa kaa. Basi papo hapo angetoa nyundo. Ndivyo alivyofanya Novemba, na ndivyo alivyojikuta mlangoni kwa Eskild akiwa kichwa wazi kwenye mvua, kofia yake ya sufu ameishika mikononi kama bakuli.

"Nimekuletea zawadi," alisema.

Eskild alichungulia ndani ya kofia. Kulikuwa na nusu mbili za jiwe na makombo. "Umelipasua."

"Nimeligusa tu."

"Kwa nyundo?"

"Nyundo ndogo."

Eskild alifumba macho. Alipoyafumbua, aliona mgongo wa kaa, na juu yake safu mbili za miiba mifupi. Katika miaka yote ishirini na miwili hakuwahi kuona kaa wa Trelde mwenye miiba kama ile. Aliacha kugomba. Alipokea kofia na kusema, "Ingia, unalowa."

Nchi yao ina sheria, na katika sheria zote hiyo ndiyo Eskild aliyoipenda zaidi: kisukuku adimu ni mali ya umma. Aliyekiokota hukikabidhi makumbusho, kikachunguzwa, kikawekwa mahali ambapo yeyote anaweza kukiona. Kitu kilichokuwepo kabla ya mfalme wa kwanza hakiwezi kuwa cha mtu mmoja kwa sababu tu mtu huyo ana kabati. Vagn naye aliipenda sheria hiyo, ila kwa sababu nyingine. Kwenye kadi ya makumbusho huandikwa jina la aliyeokota. Aliyefungua haandikwi, na chama kizima kilikuwa kimeshazoea: Vagn huokota, Eskild hufungua.

Eskild hakudai kadi. Alichotaka ni kwamba mtu atakayemtazama kaa yule miaka mia ijayo, aone kaa kama alivyokuwa, si kama mtu fulani alivyotamani awe. Je, hilo ni jambo kubwa la kuomba?

Aligundisha nusu mbili pamoja, akaanza kugonga. Desemba ikapita, Januari ikapita. Alikula mkate mweusi na samaki wa siki akiwa amesimama kibandani, vumbi limemjaa nyusi. Gando la kushoto lilijitokeza mwezi wa Februari, zima, nono, limeinuliwa kama la bondia. Na kila wiki Vagn alikuja kuuliza, kama mtu aliyeacha keki kwenye tanuri la jirani.

"Gando la kulia liko wapi?" aliuliza mwanzoni mwa Machi, pua yake imegusa kioo.

"Chini ya mdomo. Amelikunja. Nimeuona ukingo wake."

"Mimi sioni kitu."

"Ndiyo maana kalamu nimeshika mimi."

"Jumamosi tunakwenda makumbusho, Eskild. Gazeti linakuja! Wampige picha kaa mwenye mkono mmoja?"

"Wampige. Hata wewe una nywele upande mmoja na wanakupiga."

Vagn alijipapasa kichwa. "Wiki moja inakutosha?"

"Wiki tatu. Jiwe la hapo ni gumu, na gamba ni jembamba kama ganda la kitunguu. Tumpeleke Jumamosi alivyo, tuwaambie kazi haijaisha. Watatuachia tumalize."

"Wiki tatu! Mimi nilikuwa naweka meno matatu kabla ya chakula cha mchana."

"Na wenye meno walikuwa wakipiga kelele, ukajua umekosea. Huyu hapigi kelele."

Vagn alicheka, akamaliza kahawa, akaondoka. Eskild alidhani wameelewana. Hilo ndilo kosa lake, nami simsamehe hilo: alikuwa amemjua Vagn kwa miaka kumi na tisa, na bado alidhani kucheka ni kukubali.

Alhamisi, Eskild alipokuwa shuleni amelala chali chini ya kipasha joto kilichovuja, Vagn alifika nyumbani kwake. Jioni Eskild alikuta kasha la kioo tupu.

"Ragnhild! Kaa yuko wapi?"

"Vagn amemchukua. Amesema anataka kumwonyesha mkewe."

"Na wewe ukampa?"

"Nikampa. Na andazi nikampa. Kwani kaa si wake?"

"Si wake! Si wake wala wangu!"

"Basi nenda ukamwambie yeye, usinipigie kelele mimi," alisema Ragnhild. "Miezi minne nyumba hii inatetemeka kama lori. Leo ndiyo mara ya kwanza nimesikia redio."

Eskild alipiga simu, haikupokelewa. Alipiga tena, ikapokelewa na mke wa Vagn, aliyesema kwa heshima zote kwamba daktari yuko chini kwenye karakana yake na ameomba asisumbuliwe. Daktari! Mtu aliyestaafu miaka sita iliyopita! Eskild aliweka simu chini taratibu sana, kama mtu anayejua kwamba akiiweka kwa nguvu itavunjika.

Ijumaa baada ya kazi, kabla Eskild hajabadili nguo, Vagn mwenyewe alimpigia. "Njoo uone," alisema kwa sauti ya furaha. "Njoo uone nilivyomkamilisha."

Neno hilo, kumkamilisha, lilimfanya Eskild aendeshe baiskeli dhidi ya upepo bila kuhisi upepo.

Kaa alikuwa juu ya meza, chini ya taa kubwa ya kliniki. Alikuwa na magando mawili. Eskild alitazama la kushoto, alilolijua kuliko mkono wake mwenyewe. Kisha akatazama la kulia. Alitazama kwa muda mrefu, kwa sababu kuna mambo ambayo akili hukataa kuyapokea mara ya kwanza.

"Hili umelitoa wapi?"

"Kwenye droo yangu. Kaa mwingine wa Trelde, wa mwaka juzi. Ukubwa uleule! Rangi ileile! Ungekuwa hujui, ungejua?"

"Vagn. Hili ni gando la kushoto."

"Nani amesema?"

"Gando lenyewe limesema! Kidole kinachofunguka hukaa juu. Cha kwako kiko chini. Umeligeuza ili likae. Huyu kaa wako akitaka kula itabidi asimame kwa kichwa!"

Vagn aliinama akatazama. Masikio yake yalianza kuwa mekundu, lakini mtu aliyewaambia wagonjwa kwa miaka thelathini na saba kwamba hawatasikia maumivu haachi uongo siku moja. "Watazamaji hawatajua," alisema.

"Mimi najua."

"Wewe hukosi kitu cha kulalamikia. Mimi nimempa mkono!"

"Anao mkono! Umo humo ndani, chini ya huo uliombandikia! Umembandikia mkono juu ya mkono!" Eskild alivuta pumzi, akajaribu kusema kama mtu mzima. "Sawa. Sawa. Umetumia gundi gani? Kama ni ya kawaida nitaiyeyusha."

Vagn alifuta meza kwa kiganja.

"Gundi gani, Vagn?"

"Saruji ya meno."

"Ipi?"

"Ile niliyokuwa nawawekea watu." Vagn alikohoa. "Haiyeyuki. Inakwenda na mtu mpaka kaburini."

Eskild aliketi kwenye kile kiti kirefu cha wagonjwa ambacho Vagn alikataa kukiuza alipostaafu. Alitazama dari. Alifikiria miezi minne, kijiko kimoja cha chai kwa siku. Alifikiria mtaalamu fulani ambaye hajazaliwa bado, akiandika kwenye kitabu kwamba kaa wa Trelde walikuwa na magando mawili ya kushoto, na wanafunzi wakikariri. Uongo mkubwa haupigi hodi. Huingia namna hii, mtu mmoja mwema akitaka picha nzuri gazetini.

"Kesho utaandika kwenye fomu kwamba gando ni la kubandika," alisema Eskild.

"Mbele ya gazeti?"

"Usipoandika wewe, nitasema mimi."

"Ungeniaibisha hivyo? Mimi rafiki yako?"

"Tena kwa sauti."

"Toka kwenye kiti changu," alisema Vagn.

Eskild alitoka. Njiani upepo ulikuwa nyuma yake, ukimsukuma, na hata huo ulimuudhi. Nyumbani Ragnhild alimtazama usoni, akazima redio bila kuambiwa.

Asubuhi iliyofuata Eskild alifika makumbusho kabla ya milango kufunguliwa, maneno yake ameyapanga kichwani: la kulia si lake, na gamba lisiguswe. Alimkuta Vagn ameshatangulia kwenye foleni. Hakuwa amenyoa. Sanduku alilikumbatia kifuani, na kidole gumba chake kilikuwa na plasta.

"Usiniseme," alisema Vagn.

"Sijafungua mdomo."

"Nimekusikia hata hivyo."

Waliingia pamoja bila kutazamana. Signe Ravnkilde, mtaalamu aliyepokea visukuku siku hiyo, aliwasalimia, akavuta taa, akafungua kifuniko. Kando yake mpiga picha wa gazeti alikuwa akirekebisha kamera.

Gando lilikuwa limelala peke yake kwenye pamba. Kwenye shina lake saruji ilikuwa bado imeng'ang'ania, na saruji nayo iling'ang'ania kipande cha gamba la kaa, cheusi, kikubwa kama ukucha. Saruji ilikuwa imeshika kweli kama mwenyewe alivyojisifu. Kilichokubali kuachia ni gamba.

Eskild alikinyooshea kidole kile kipande. "Umelitoa na nini?"

"Drili," alisema Vagn. "Ile ndogo."

Vagn alivuta fomu. Akapita nafasi ya jina bila kuijaza, akaenda moja kwa moja chini palipoandikwa maelezo mengine, akaandika kwa herufi kubwa, akikandamiza mpaka karatasi ikatoboka: GANDO NILILIBANDIKA MIMI. SI LA KAA HUYU. NILIPOLITOA NILIVUNJA GAMBA. Akaisukuma fomu kwa Signe kama mtu anayesukuma sahani ya chakula kibaya.

Signe aliisoma. Hakumlaumu wala hakumsifu. Alishika kioo cha kukuzia, akainama juu ya jeraha lililoachwa na gamba, akasogeza taa kidogo kushoto.

"Lipo," alisema.

Eskild aliinama karibu naye. Ndani ya jiwe, pale palipovunjika, ilichungulia ncha nyeusi iliyopinda, yenye meno madogo, imekunjwa chini ya mdomo vilevile alivyosema.

"Wapi?" Vagn alijipenyeza katikati yao. "Liko wapi? Hapa?"

"Hapo. Usiguse."

"Hapa hapa?" Na kabla mtu hajapumua, mkono wake ulikwenda kwenye mfuko wa shati, ukatoka na kile chuma chenye ncha cha kuchokolea meno, ukaelekea kwa kaa. "Nikiondoa hiki kipande tu..."

Eskild alimdaka kifundo cha mkono. Signe alimdaka mkono wa koti. Wote wawili wakapiga kelele kwa pamoja, "Hapana!" na mpiga picha, aliyekuwa amemaliza kurekebisha kamera yake, akabonyeza.