Kichaka Kilichopigwa Picha

Mimi ni mwalimu, nimeletwa Kerende, huku Tarime, na serikali kutoka Mbeya, na mvua za masika zikianza huwa sikai nyumbani Jumamosi. Navaa buti za mpira, naning'iniza kamera shingoni, naenda kulala kifudifudi kwenye majani kumvizia panzi. Mwenye nyumba wangu alishasema kwamba mwanamke mzima kugaagaa matopeni kwa ajili ya mdudu ni dalili ya malaria. Mtu asiyejua raha ya kumnasa kereng'ende ametulia juu ya ua, utamweleza nini?

Masika iliyopita nilipata bahati. Pembezoni mwa shamba la mama mmoja mjane, kwenye kichaka cha maua ya njano, chozi, yule ndege mdogo anyonyaye maua, alikuwa amening'iniza kiota chake, na ndani mlikuwa na makinda wawili. Nilitaka kitu kimoja tu: picha ya mama yao akiwalisha. Niliomba ruhusa, nikakipiga picha kichaka mbele, nyuma na kwa chini. Mjane alinitazama kwa makini mno, nami kwa ujinga wangu nikadhani anapenda ndege.

Jumamosi iliyofuata nilikuta shamba silijui. Migomba michanga imepandwa imebanana kama watoto kwenye foleni ya uji, na mwana wa mjane, mwanamume mwenye ndevu zake, anasimamisha nguzo za kibanda. Ndipo akili ikanirudi. Huku karibu na mashimo ya dhahabu, mgeni mwenye kamera shambani ni mthamini, amekuja kuandika mali za watu watakaohamishwa na kulipwa fidia. Kwa hiyo mwenye akili anategesha: anapanda chochote, anajenga chochote, mradi kihesabiwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Leo piga na migomba."

"Mama, mimi si mthamini. Napiga ndege tu."

Mwanawe alicheka hadi akaegemea nguzo. "Wote wanaanza hivyo hivyo. Nani atembee matopeni kutoka shuleni kwa ajili ya ndege?"

Kisha akachukua panga akaelekea kwenye kichaka changu, maana nguzo ya mwisho ilitakiwa kusimama papo hapo. Nilijitupa mbele yake nikapiga kelele ambazo hata darasa la saba hawajawahi kuzisikia. Nikamweleza habari za makinda, nikaapa kwa Mungu kwamba hakuna fidia wala mthamini. Kadiri nilivyokana ndivyo alivyozidi kuamini. Akanisogeza kwa adabu, akainua panga.

"Mura, acha!" mama yake akafoka. "Hujui kilichopigwa picha hakiguswi? Wakirudi wakikuta hakipo, tutaitwa matapeli!"

Panga likashuka. Siku hiyo hiyo kichaka kilizungushiwa miiba, mbuzi wakafukuzwa, na kibanda kikajengwa kimepinda kona moja ili kukikwepa. Sidhani kama kuna ndege waliowahi kulindwa hivyo Tarime nzima. Picha yangu niliipata, nzuri kupita kiasi, lakini kila nilipopita pale nilikana upya, nao waliniitikia kama mtu anavyomwitikia mlevi.

Siku makinda waliporuka nilikuwepo. Wa kwanza aliangukia jani la mgomba, akapepesuka, akaenda. Wa pili akamfuata. Nilifurahi hadi machozi yakanitoka. Mama akaja taratibu, akachungulia kiota kitupu, kisha akanigeukia.

"Mwalimu, kweli hakuna mthamini anayekuja?"

"Hakuna, mama. Nilikwambia."

Aliitazama migomba yake iliyobanana, akakitazama na kile kibanda kilichopinda. Niliona haya, ingawa sikuwa nimedanganya. Yeye akarudisha miiba vizuri kuzunguka kichaka.

"Hao wamehama kabla ya kulipwa," alisema. "Ndege hawana subira kama sisi."