Firigisi ya Baba

Juzi huku Endebess, daktari wa mifugo alimpapasa ng'ombe wetu aliyelala zizini, akasema, "It's only a matter of time." Maneno hayo niliyasikia utotoni, alasiri moja katika wodi ya Kitale iliyonuka dawa na uji uliopoa.

Baba alikuwa akipumua kwa kukoroma. Daktari alizungumza Kiingereza, na mama, ambaye hakukijua, akanigeukia.

"Amesema nini, Nekesa?"

"Ati ni muda tu, mama. Atapona."

Daktari alikuwa amevua miwani na kuinamisha kichwa. Niliona, ila nilidhani amechoka. Mama alimshukuru kwa mikono miwili, akaniacha na shangazi, akakimbilia nyumbani Malakisi kuchinja kuku wa kumpokea mumewe.

Simu ya shangazi ilimkuta ameshatenga firigisi ya baba kwenye kisahani.

Sasa najua daktari alikuwa akituambia kifo ki karibu, tukae, tumuage. Miaka yote hii mama hajaniuliza alisema nini hasa, na mimi sijawahi kumwambia.