Tulivua filimbi kwa heshima ya bibi, nusura nimpoteze Deo bwawani

Wakuu, habari za humu. Hili sikusimuliwa, limenikuta mwenyewe, na asiyeamini simlaumu.

Mimi na rafiki yangu Deo, wote wa mtaa wa Mafiga, tulikuwa tunajifua kwa trip ya kayak baharini, vile vimtumbwi vyembamba vya mtu mmoja. Bahari iko mbali, so mazoezi tunafanyia kwenye bwawa moja chini ya milima ya Uluguru. Kila mtu na kayak yake, life jacket, na filimbi shingoni. Kanuni yetu: ukipinduka, shika kayak, puliza mara tatu.

Asubuhi hiyo tukamkuta bibi mmoja anachuma mchicha kando ya maji. Tukampa shikamoo. Akaitikia, macho yakiwa kwenye filimbi zetu.

"Wajukuu, humu hatupulizi filimbi. Ukiita majini, anayekuja haji peke yake."

Mnajua malezi yetu, mtu mzima akisema hubishi. Deo akavua yake akanipa, nikazifungia zote mbili kwenye mfuko wa life jacket yangu, nikavuta zipu. Ujinga mtupu, nakubali.

Hatujafika katikati, ukungu ukashuka kutoka mlimani. Hata ncha ya kayak yangu sikuiona. Nikasikia maji yakipiga kwa kishindo, kisha kimya.

Nikamwita Deo. Sauti yangu ikanirudia. Jamaa ana mtoto wa miezi minne, na mimi ndiye niliyemshawishi aje. Nikawa napiga kasia ovyo, sijui niende upande gani.

Ndipo filimbi ikalia. Mara tatu, upande wa matete.

Nikaifuata. Nikamkuta Deo kang'ang'ania kayak iliyopinduka, anatetemeka. Nikamvuta hadi ukingoni.

"Afadhali ulipuliza," nikamwambia.

"Filimbi si unazo wewe? Mi nilijua ni wewe unapuliza."

Nikapapasa mfuko. Zipu imefungwa, zote mbili zimo.

Bibi alikuwa palepale. Akamfunika Deo kanga, kisha akatazama nyuma yetu, kwenye ukungu.

"Na mwenzenu wa tatu mbona hashuki mtumbwini?"

Hatukugeuka wakuu, tuliacha kila kitu tukatimua mbio.

Nilichojifunza: heshimu wenyeji, lakini filimbi haivuliwi. Mwenyeji akiikataa, shukuru, rudi nyumbani, usiingie majini bila kifaa chako.

Mnaopiga kasia mabwawani, nani kashakutana na kitu kama hiki? Nitanieni mnavyotaka, ila kayak yangu bado iko kule ukingoni, na sijapata moyo wa kuifuata.